Mashairi Aliyosingiziwa Niragira

Mwalimu Erasmus alifundisha hapa Kanazi miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo alikuwa akitunga mashairi ya Kihangaza. Akiyasoma harusini, watu waliendelea kula. "Ya mwalimu tu hayo," walisema.

Alipostaafu alichukua daftari kuukuu, akanakili humo mashairi yake ishirini, akaandika kwamba yalitungwa na bibi yake, marehemu Niragira. Akaliweka daftari kwenye dari la jikoni miezi mitatu lishike moshi. Alipolitoa na kulisoma harusini, watu waliacha kula, wakasikiliza.

Habari zikamfikia Tecla, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akikusanya tungo za kale. Alikuja, akalisoma daftari lote, akalisifu. Akitaka kumjua zaidi mtungaji, akaenda kwa Domisiana, shangazi yake Erasmus, mtoto pekee wa Niragira aliyebaki hai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Tecla akamsomea shairi la mama anayemwita mtoto kwa makofi kutoka mgombani, mvua ikianza. Domisiana alisikiliza hadi mwisho.

"Mama yangu alikuwa na kigugumizi," akasema. "Hata rozari alisali kimoyomoyo. Hayo hakuyatunga yeye. Lakini aliyeyaandika alimjua. Mama aliniita hivyohivyo, kwa kupiga makofi. Hebu soma tena."

Tecla alisoma tena, kisha akarudi kwa Erasmus. Hakumkaripia.

"Mwalimu, shangazi amenieleza kuhusu kigugumizi."

Erasmus aliinama. "Bibi ndiye aliyenilea. Kila alipofungua mdomo watu walimcheka. Nilitaka asikilizwe." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi pia."

"Siwezi kuyaweka kwenye kitabu cha tungo za kale," Tecla akasema. "Ila ni mashairi mazuri. Yape jina lako."

Jumapili baada ya misa Erasmus aliomba nafasi, akakiri mbele ya wote. Wengine waliguna. Mzee Matiasi alicheka hadi machozi yakamtoka. Erasmus akaondoka haraka, lakini shangazi yake alimkamata mkono nje ya kanisa, akaenda naye hadi kwake.

"Umemsingizia mama," akamwambia, akimsogezea kigoda. "Sasa kaa, usome yote."

Akasoma. Alipofika shairi la ishirini, uani palikuwa na majirani kumi na wanne, wengine wamesimama.