Sista Mlangoni kwa Mbunge

Katibu muhtasi wa mbunge alikwisha kumzoea yule sista mzee. Kila alipokuja alianza kwa kumjulia hali mfagizi, akafuta miwani kwa pindo la shela, kisha akaongea kwa sauti ya chini mpaka umwinamie. Muswada wa kuwarudisha wakimbizi makwao, vita ikiwa bado inawaka, ulipokaribia kupigiwa kura, mbunge alimkuta tena mlangoni.

"Sista, siasa tuachieni sisi. Ninyi tuombeeni."

"Tunakuombea kila asubuhi, mwanangu. Nimekuja kuona kama inasaidia."

Mbunge akacheka. Sista hakucheka. Katibu akamvutia kiti.

"Mheshimiwa, msikilize," akasema, ingawa hakuulizwa.

Mbunge akawatazama wote wawili, akaketi.