Urudi na Matope

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na umenikumbusha wewe kwa hizo picha za baiskeli ulizonionyesha kwenye simu. Unaniuliza ununue ipi. Nitakwambia. Lakini uliniuliza na la pili, kwa sauti ya chini: "Mjomba, watu wakiniuliza naenda wapi nayo, nitasema nini?" Hilo ndilo swali lenyewe, na mimi nilishaulizwa kabla hujazaliwa.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani hapa Garissa, nimetoka Hola kutafuta riziki. Wiki nzima nakanyaga pedali na siendi popote! Mgongo unauma, miguu imechoka, na bado niko palepale, naangalia ukuta uleule. Nikasema, lo, na mimi nikanyage pedali inayonipeleka mahali. Nikapata baiskeli ya maunteni, ya mitumba, bei ya mtu wa kawaida, tairi zenye meno, springi mbele, rangi ya chungwa inayowaka. Muuzaji akaniambia nichukue na pampu na viraka. Mimi nikachukua kengele. Usicheke.

Ijumaa moja nikaswali alfajiri, nikafunga duka, nikatoka. Nikaiacha lami, nikashika njia ya mchanga. Kiangazi kilikuwa kimetuchoma vibaya mwaka ule; mbuzi walikuwa wanakula maboksi sokoni. Nikiwa nafurahia upepo, mara tairi zikateleza, nikazama kwenye matope mpaka kwenye pedali. Nilikasirika, wallahi. Baiskeli yangu mpya! Nikatafuta kijiti, nikaikwangua mpaka ikang'aa, nikaendelea na safari.

Nusu saa baadaye nikakuta familia inahama. Nyumba imeshabomolewa, mikeka na fito zimefungwa juu ya ngamia aliyepiga magoti. Aliyekuwa akiamuru ni bibi mmoja wa Kisomali, mrefu, mkono kiunoni, na wanawe wazima wanamtii kama watoto.

"Waryaa, kijana! Unatoka wabi?"

"Garissa, ayeeyo," nikamjibu. Ndivyo bibi anavyoitwa huku.

"Unaenda wabi?"

"Siendi popote. Natembea tu."

"Tu?" Akageukia wanawe. "Hiyo Tu iko wabi? Ni mbele ya Dadaab?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. "Haya, umeona nini njiani?" bibi akaniuliza.

"Sijaona kitu, ayeeyo."

"Kitu hakuna! Sasa macho ulibeba ya nini?"

Hakuwa mkali, mwanangu. Alitaka kujua. Wafugaji humuuliza msafiri habari hata kabla ya kumpa maji: mvua iko wapi, malisho yako wapi, nani amehama. Mimi nilidhani ni salamu tu.

Basi akaanza kuizunguka baiskeli. Akabonyeza springi, akafurahi: "Hii inakunja goti, masha'Allah!" Akazungusha pedali, akainama kuona mnyororo unavyoruka kutoka gia moja hadi nyingine, akaniuliza kwa nini zote hizo na miguu ni miwili. Kisha akapitisha kidole kati ya meno ya tairi. Kidole kilitoka na tope bichi. Kijiti changu hakikufika kule ndani.

Akalinusa. "Hii maji yake ya wabi?"

Nikaeleza pale nilipozama. Wanawe wakaacha kufunga mizigo. Usiku uliopita walikuwa wameona umeme upande ule, lakini umeme hauna ahadi, na hawakubaki na ngamia wa kumtuma mtu akaangalie, ila yule wa mizigo tu. Wakaamua wahamie upande wa Liboi, kwa ndugu zao. Yule bibi akanionyesha mbuzi wake, mbavu nje, na vitoto vyao vinatetemeka. "Hawa Liboi hafiki," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nusu tunaacha njiani. Na hiyo ndio maziwa ya wajukuu."

Akanishika bega. "Wewe ndio sahan."

Nikadhani nakaribishwa chakula! Mwanawe akanifafanulia: sahan ni yule anayetumwa mbele akaangalie mvua na malisho, na kwa neno lake watu wote huhama. Bibi akaongeza: "Jua likifika juu ya ule mti, tunaondoka. Nenda uone. Maji inafika wabi kwa mguu? Miti iko na majani? Mifugo ya watu imetangulia?"

Nikarudi mbio. Na ajabu, njia ileile ilikuwa nyingine. Niliona vichaka vimeoshwa vumbi, nikaona ndege wanashuka mahali pamoja, nikawafuata. Nyuma ya migunga kulikuwa na bwawa. Nikaingia, maji yakanifika magotini. Nikatafuta alama za kwato: hakuna. Nikapiga kelele peke yangu kwa furaha.

Kurudi, pssss! Mwiba wa mathenge, ule mti wa miiba uliojaa huku. Tairi chini, pampu sina, na kengele haijazi upepo. Nikaibeba begani, nikakimbia kwenye mchanga, jua linapanda, nikiwaza vile vitoto vya mbuzi vitakavyolala njiani kwa sababu nilipenda kengele. Nilipofika, ngamia alishasimama na kamba iko mkononi mwa bibi. Bibi akaangalia magoti yangu yenye tope kabla ya kuangalia uso.

"Sema, sahan."

Nikasema yote. Akamgeuza ngamia kichwa kwa mkono wake mwenyewe, na mbuzi wakafuata.

Baada ya muda alikuja dukani, akaweka kibuyu cha maziwa juu ya cherehani. Hata salamu hakutoa. "Umeona nini?" akaniuliza, na siku hiyo nilikuwa na mengi ya kumwambia.

Sasa, mwanangu, nunua ya bei yako. Simama juu yake, mguu huku na mguu huku, nyayo zako zote ziguse chini, bana breki uone kama zinashika, rangi iache. Pampu na viraka vije kabla ya kengele. Tembea kwa raha yako, si lazima uwe na kazi. Ila wakikuuliza unaenda wapi, usiseme "natembea tu". Sema unaenda kuona, kisha uone kweli, na anayekuuliza habari mpe.

Mungu akuepushe na miiba, akupe macho na pumzi. Na kila utakapotoka, mwanangu, urudi na matope.