Alikokwenda Mama Usiku

Nilipokuwa bado mdogo wa kulala upande wa ukutani, kila usiku nilisikiliza pumzi ya mama. Hakuna aliyenituma. Baba alikuwa mwongoza watalii, na kila alipopanda mlimani mimi ndiye niliyelala mahali pake. Mama alikoroma kwa nguvu, lakini mkoromo haukunitisha, ulinibembeleza. Kilichonitisha ni ulipokoma. Ulikatika ghafla, kifua chake kikatulia, chumba kikawa kimya hata nikasikia maji ya mfereji yakipita kwenye migomba. Nilingoja. Halafu mama alivuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa mtoni, akajigeuza, akaanza kukoroma upya.

Siku moja nilimweleza Bibi. Bibi alikuwa mama yake baba, na sote tuliishi kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo la migomba, kule Machame, yeye na jiko lake, sisi na nyumba yetu ya mbao. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilidhani angecheka, lakini aliweka kisu chini.

"Anaponyamaza, wewe unafanya nini?"

"Nangoja, Bibi."

"Ngoja hivyo hivyo. Usimguse. Mtu akiwa hivyo, mwenyewe hayumo. Ukimshtua kabla hajarudi anaweza kupotea njia."

"Anakuwa amekwenda wapi?"

"Niletee chumvi," akasema Bibi.

Nilimletea chumvi, na tangu siku hiyo sikuweza kupata usingizi kabla mama "hajarudi".

Mchana mama alikuwa mtu wa kusinzia. Alikuwa mnene, shingo fupi, mcheshi sana, na usingizi ulimkuta popote. Sokoni Bomang'ombe alilala akiwa ameegemea mikungu yake ya ndizi mpaka wateja wamwamshe. Alipokamua ng'ombe, kichwa chake kiliishia ubavuni mwa ng'ombe, mikono ikasimama, maziwa yakakoma. Kanisani mimi ndiye niliyekaa karibu naye ili nimfinye mahubiri yakiendelea. Watu walicheka, naye akacheka nao. "Jamani, mimi usingizi wangu sijui nimeurithi kwa nani," alikuwa akisema, na wote wakazidi kucheka.

Kicheko hicho kiliisha siku tuliyomzika mtoto wa Mama Elisifa.

Mama Elisifa alikuwa jirani yetu wa upande wa chini. Mtoto wake mchanga alilazwa usiku akiwa mzima, asubuhi akakutwa ameshakufa. Mama alishinda msibani tangu kunapambazuka, akipika na kuchota maji, na ibada ilipoanza aliketi mkekani kati ya wanawake, mimi mapajani mwa shangazi mmoja nyuma yake. Mwinjilisti alikuwa anaomba. Kila mtu ameinamisha kichwa. Ndipo nikausikia mkoromo ninaoujua, mdogo kwanza, kisha mkubwa. Sikuweza kumfikia. Mwinjilisti aliongeza sauti. Mkoromo ukakatika, na ule ukimya, ambao mpaka siku hiyo niliuona kama wangu peke yangu, ukasikiwa na watu wote. Wanawake waligeuka. Mfiwa mwenyewe aligeuka. Mama alikuwa amekaa wima, mdomo wazi, hapumui. Halafu akavuta hewa kwa kishindo chake, akafumbua macho, akaukuta uso wa Mama Elisifa mbele yake.

"Huyu jana usiku alikuwa wapi?" mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kwetu, kama kwingine kwingi, watu waliamini kwamba wapo wanga wanaoacha miili vitandani na kwenda kutembea kwenye nyumba za watu, na kwamba mtu wa namna hiyo utamjua mchana, maana hashibi usingizi.

Baada ya hapo wanawake walimsalimia mama kwa mbali. Ndizi zake zilirudi nyumbani zimeiva. Shuleni msichana niliyekuwa nakaa naye dawati moja alihamishwa kwa ombi la mama yake. Mama aliacha kusimulia habari za usingizi wake. Jioni alijipaka maji baridi usoni na kukaa wima kwenye kigoda, macho yamemtoka, akipigana.

Bibi alikasirika kuliko sote. Watu wakisikia habari hii hudhani Bibi alikuwa adui wa mama, na si kweli. Alipovunjika mguu, ni mama aliyemwogesha na kumbeba mpaka akasimama, na Bibi hakulisahau hilo. Alichotaka ni kuwafunga watu midomo. Alimwendea Mama Elisifa akamwambia, nikiwa nimeshika khanga yake, "Leo usiku nitamwaga majivu mlangoni kwake, yeye asijue. Alfajiri njoo uone kwa macho yako. Mkwe wangu hatoki."

Walikuja kabla ya jua. Nilitoka kwa sababu nilisikia Bibi akikohoa nje, nikamkuta amesimama pamoja na jirani, wote wameinama. Majivu yalikuwa yamekanyagwa. Nyayo zilitoka, zikarudi, zikatoka tena, zikapandana, hata huwezi kujua ipi ilianza. Zilikuwa nyayo pana za mtu mzima, peku.

Mama alitokea nyuma yangu akifunga khanga. "Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

Bibi hakuitikia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiacha kuitikia shikamoo isipokuwa siku ile.

"Mama Nsia," akamwita kwa jina langu, "hizi ni nyayo za nani?"

Mama alizitazama, akautazama mguu wake. "Zangu. Nilikwenda chooni."

"Zote hizi?"

"Zote, Mama. Kila siku ni hivyo. Mkojo hauniachi nilale."

"Usiku mmoja?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Elisifa alijifunika khanga kichwani, akaondoka taratibu, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa mpaka juu. Bibi alichukua ufagio akafagia majivu, na alipoyamaliza aliendelea kufagia, akafagia ua mzima, mpaka kwenye migomba. Alikuwa analia.

Baba aliposhuka mlimani alikuta wazee wa ukoo wameshaketi. Hakuna aliyemfukuza mama. Walisema aende kwao Sanya Juu kwa muda, watu wapoe. Mimi nilikatazwa kusogea, lakini maneno ya baba na mama baada ya wazee kuondoka niliyasikia, maana walizungumza wakiwa wamesimama karibu na dirisha.

"Na wewe unaamini nini?" mama alimwuliza.

Baba alikuwa bado amevaa viatu vyake vya mlimani. "Mimi huwa sipo," akasema.

Mara nyingi nimejaribu kumkasirikia kwa jibu hilo. Lakini lilikuwa la kweli, na nadhani mama alitamani angalau mara moja adanganywe.

Tulikwenda Sanya Juu, mama na mimi, tukakaa chumba cha nyuma cha duka la mjomba. Ule "muda" haukuisha. Baba alituletea ndizi na maziwa kila aliposhuka mlimani. Walikaa nje wakizungumza vizuri, hata kucheka, kama mtu na mke wake. Jua likianza kuinama aliangalia barabarani, akaaga. Hakulala kwetu hata usiku mmoja. Bibi alipokufa mama alikwenda kuzika, akasimama nyuma ya watu wote, akitafuna karafuu ili asisinzie. Baba naye alifuata miaka kadhaa baadaye.

Mimi niliolewa nikahamia Moshi, nyumba yetu iko Rau, nafundisha shule ya msingi. Nilipopita miaka thelathini nilianza kunenepa kama mama na kusinzia kama mama. Nilisinzia nikisahihisha madaftari. Siku moja nilisinzia nimesimama ubaoni, chaki mkononi, nikazinduliwa na kicheko cha wanafunzi. Mume wangu alinirekodi kwa simu. Aliniketisha asubuhi akasema, "Sikiliza, halafu usibishe." Nikasikiliza. Nilisikia mkoromo, kisha nikasikia kimya. Mume wangu alikuwa ananitazama usoni ili aone nitashtuka vipi. Sikushtuka. Nililia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kitanda cha Machame.

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Aliniuliza maswali mengi kuhusu usingizi, nikajibu. Kisha akauliza, kama jambo la kawaida tu, "Na usiku unaamka mara nyingi kwenda kukojoa?"

Nilimwomba arudie.

"Wengi wenye tatizo hili huwa hivyo," akasema. "Ukilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba, pumzi inakatika. Mwili unahangaika, moyo unahangaika, na mkojo unazidi. Ubongo unakuamsha ili usife, hata kama wewe mwenyewe hukumbuki. Ndiyo maana mchana umechoka, maana hukulala. Hapa hospitalini tunaliona sana, na mara nyingi linafuatana katika familia."

Hayo ndiyo yote. Niliondoka na mashine yenye bomba na barakoa ya puani, ya kusukuma hewa nikilala, na siku ya mapumziko nikapanda gari kwenda Sanya Juu kumchukua mama naye apimwe. Alipopimwa ikaonekana hali yake ni mbaya kuliko yangu.

Nilimweleza jioni, tukiwa tumekaa barazani kwangu, kwa maneno yale yale ya daktari. Alisikiliza akiwa anakunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Kwa hiyo ninaponyamaza, niko pale pale kitandani?"

"Pale pale, Mama."

"Sitoki?"

"Hutoki."

Kisha akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimelala naye chumba kimoja miaka yote bila kulijua. Kule Sanya Juu, kila alipoona nimepitiwa na usingizi, alikuwa anajifunga kifundo cha mguu kwenye kitanda kwa khanga. Akishikwa na mkojo anajifungua, akirudi anajifunga tena.

"Mtu akiwa amelala anajua nini?" akasema. "Nilisikia wote wanasema. Bibi yako hakuwa mwongo. Nikasema, labda ni kweli, labda natoka na sijui. Labda yule mtoto wa Mama Elisifa nilimwua mimi." Akafuta uso. "Angekuwa wangu aliyekufa, mimi ningeamini nini?"

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka watoto walipotuita kula.

Nimefikiri sana kuhusu Bibi tangu siku hiyo. Kila alichokiona kilikuwepo. Pumzi ilikatika kweli, nyayo zilikuwa za mama kweli, na mtu asiyerudi kutoka kwenye ukimya ule hufa kweli. Aliona yote, na alipungukiwa jina la ugonjwa tu. Kwa kukosa jina hilo mama alipoteza mume aliyempenda, na akajilinda miaka yote kama anayelinda mwizi.

Mama sasa anaishi nasi, na anatumia mashine yake bila kulalamika. Hasinzii tena mchana. Anapalilia maua yangu na kugombana na redio. Lakini asubuhi moja katika wiki za mwanzo nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, barakoa mkononi, uso umembadilika. Alisema ameota. Hakukumbuka mara ya mwisho kuota ilikuwa lini. Ameota anatembea kwenye majani yenye umande, mahali pazuri, hakuna mtu.

"Ni ndoto tu, Mama," nikamwambia. "Daktari alisema ukianza kulala vizuri ndoto zinarudi."

"Ndiyo," akasema. "Ni ndoto."

Kisha akainua miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akaangalia nyayo. Zilikuwa kavu, safi. Hata hivyo aliniomba maji, nikamletea kwenye beseni, nikapiga magoti nikamwosha miguu mwenyewe.