Mlango Uliofungwa Gatumba

Nilikwenda Bujumbura kufundisha. Nasema hivyo bila haya, maana ndivyo nilivyojiona: afisa ustawi wa jamii mstaafu wa Kigoma, niliyemaliza maisha ya kazi nikiandikia mahakama ripoti za watoto, sasa nimeitwa na kina mama wa Burundi wanaodai mahakama za familia zirekebishwe. Anayewaongoza ni Consolate, fundi cherehani wa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura. Alinipigia simu: "Mama, kuja utuonyeshe namna barua inaandikwa." Nikafunga mkoba, kichwa kimevimba kweli kweli.

Asubuhi na mapema niliondoka Kigoma nikavuka mpaka Manyovu. Upande wa pili barabara inateremka mpaka ziwani, Nyanza-Lac, kisha Rumonge kwenye michikichi, harufu ya mawese ikiingia dirishani. Njia nzima nilikuwa nakariri hotuba yangu.

Saa tisa alasiri niliingia Nyakabiga. Consolate alinikaribisha chai ya maziwa, lakini hotuba hakutaka kuisikia.

"Kwanza kesho twende Gatumba," akasema. "Uone Médiatrice. Dosiye yake njo tutatanguliza."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Mto ulifurika huku, na alama ya maji bado iko ukutani kwa Médiatrice, inanifika kifuani. Yeye anauza nyanya. Sentare, ndivyo wanavyoiita mahakama, ilimwondolea binti yake Bella, mtoto wa miaka sita, ikampa ukoo wa baba yake huko mkoani Ngozi. Nikauliza kosa la mama ni lipi. Consolate akafungua dosiye, jalada la kesi, akanitafsiria ripoti kutoka Kifaransa: afisa alifika mara moja, mlango umefungwa, hakuna mtu, mama ametelekeza makazi.

"Mi sikuacha nyumba," akasema Médiatrice. "Maji ilikuwa ndani. Mi na mutoto tulikuwa mu matente ya watu wa mafuriko, kule juu. Hakuna mutu alituuliza. Siku walikuja na karatasi kumuchukua, njo nilijua kama kuna kesi. Kuja kumuchukua, njia ya matente waliijua."

Nikamwomba Consolate aurudie ule mstari. Akaurudia. Mlango umefungwa, hakuna mtu, mama ametelekeza makazi. Maneno hayo niliwahi kuyaandika mimi, kwa mkono wangu, juu ya mwanamke wa Ujiji aitwaye Mama Sada. Jua lilikuwa kali, nilibisha hodi mara moja, nikaandika, nikaenda zangu. Binti yake akapelekwa kwa babu yake Tabora. Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kumfikiria tena mpaka nilipokaa kwenye kigoda cha Médiatrice. Nikawaambia yote.

"We uliandikaga vile?" Médiatrice akauliza.

"Niliandika."

"Na ule mutoto, alirudi?"

"Sijui."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Aliinama tu akalisogeza vizuri jiwe linaloushikilia mlango wake usijifunge. Tangu Bella achukuliwe mlango ule haufungwi mchana, na sokoni nyanya zake zinauzwa na jirani, asije afisa akarudi akamkosa.

Siku ya tatu tulipeleka barua mjini, Wizara ya Sheria. Hotuba yangu ilibaki mkobani. Barua ilidai mambo machache: afisa akikosa mtu arudi tena, aulize majirani, na mtoto asihamishwe kabla mama yake hajaitwa akasikilizwa. Kina mama walikuwa wameshasaini, nami nikaomba nafasi chini yao. Karani akalisoma jina langu.

"Mama, we ni mutu wa Tanzania. Hii inakuhusu nini?"

"Ripoti kama hizo niliziandika mimi."

Alinitazama sana, kisha akagonga muhuri. Kuhusu Bella alisema dosiye itaangaliwa upya. Lini, hakusema.

Siku ya nne nilirudi kwa njia ile ile, na safari hii sikuiona michikichi wala ziwa. Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma: kwa miaka yote ile nilidhani nachunguza maisha ya watu, kumbe nilikuwa nachunguza milango.

Jioni, niliposhuka Kigoma, sikwenda nyumbani. Nilikwenda Ujiji na mkoba wangu, mpaka kwenye mlango ule. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena, halafu nikakaa barazani nikangoja. Baada ya muda mrefu Mama Sada akafungua, kichwa kizima mvi. Nikaanza kutaja jina langu, akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa ananijua.

"Siku ile nilikwenda kuteka maji," akasema.