Neno la Ghuba Lililopatikana Mlimani

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani kufika Taveta, nilikuwa mwalimu kijana wa kanisa juu milimani. Hapo ndipo nilipopewa kazi ambayo mpaka leo namshukuru Mungu kwayo: kumsaidia mchungaji wetu, Mwingereza, kuandika Matendo ya Mitume kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kisa cha merikebu ya mtume, ilipokaribia kuvunjika na mabaharia wakaona mahali pa kuingilia. Mchungaji akasema kwao huitwa "cove", ghuba ndogo iliyokingwa na upepo. Mimi maji makubwa niliyoyajua ni ya mto Voi wakati wa mvua.

"Tuliache hivyo hivyo kwa Kiingereza," akasema.

Nikamwomba asifanye hivyo. Bibi yangu alikuwa amebatizwa mwaka ule, naye alijua lugha moja tu. Sikutaka afike pale katika kisa akwame.

Nikateremka Voi kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu wa pwani, nikamuuliza ghuba ikoje. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mdawida ateremka kutafuta bahari Voi! Ndugu yangu, hapa hata maji ya udhu twayapima kwa kikombe."

Lakini akainuka, akasogeza magunia mawili ya mchele, akaacha nafasi katikati. "Haya ni mawe. Huku nje mawimbi yapiga. Chombo kikiingia hapa kati, ni kama mtu aliyeingia chumbani."

Niliporudi nilimweleza mchungaji. Akafungua kamusi yake kubwa, akasoma kwa kidole. Kumbe katika Kiingereza cha kale neno lile halikuwa la bahari hata kidogo. Lilikuwa chumba kidogo cha ndani ya nyumba. Baadaye likawa pia uvungu wa mwamba, na baada ya muda mrefu ndipo watu wa pwani ya kwao walipoliteremsha majini.

"Babu zangu walianzia chumbani," akasema.

"Basi, Bwana, sisi tunaweza kuanzia mwambani," nikamjibu, nami nikaandika neno letu la uvungu wa mwamba, pale wachunga mbuzi wanapoingiza mifugo yao mvua ikinyesha.

Desturi yetu ilikuwa kwamba hakuna mstari unaoandikwa kwa wino kabla haujasomwa mbele ya kanisa. Nilipoufikia ule, mzee mmoja wa kanisa akasimama.

"Mwalimu, uvungu huo tunaujua sote. Ndimo yalimo mafuvu ya baba zetu. Sasa unataka kumwingiza mtume kwenye mafuvu?"

Watu wakaguna. Kweli, wazee wetu waliofariki zamani, mafuvu yao yaliwekwa katika miamba hiyo kwa heshima, na sisi tuliobatizwa tulikuwa tukipita mbali nayo. Mchungaji akachukua kalamu ya risasi alikate neno langu.

Bibi akamwita yule mzee kutoka mkekani: "Wewe baba, ulipokuwa ukichunga na mvua ya mawe ikakukuta, ulikimbilia wapi?"

"Chini ya mwamba, mama."

"Yale mafuvu yalikuuma?"

Kanisa zima likacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Bibi hakucheka. "Tuliwaweka baba zetu pale kwa sababu hapanyeshi, wala upepo hauingii. Hao watu wa merikebu wamo majini, wanakufa. Unawanyima mahali pazuri tulipowapa baba zetu?"

Mzee akaketi. "Andika, mwalimu," akasema.

Mchungaji akanipa kalamu yake ya wino, akaniachia niandike kwa mkono wangu. Nimeandika mengi tangu siku ile, lakini sijaona tena fahari kama ile, kwamba lugha ya watu wasio na bahari ilipata mahali pa kupokea merikebu.

Jumapili nilikisoma kisa chote, taratibu. Upepo ukavuma, shehena ikatupwa, watu wakakata tamaa. Bibi alikuwa ameinama, mikono imekaza kwenye fimbo. Nilipolitamka neno lile, mikono ikalegea.

"Haya," akasema kwa sauti, kabla sijamaliza mstari. "Wameokoka."