Fundi Anayeuliza Kitu Kinapumzika Lini

Jamaniii, mayai mia mbili ya mama yameanguliwa, hapa Nzuguni hatusikilizani kwa kelele za vifaranga! Asante kwa fundi umeme wa mtaani kwetu, mwanaume asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Kila waya anaugusa kwa mgongo wa kiganja, kama anampima mtoto homa, halafu anauliza swali lake lilelile: "Hiki kinapumzika lini?" Mama aliponunua mashine ya kutotolesha akamwambia, "Fundi, waya uliopo unatosha, mbona pasi inawaka fresh?" Eti mama naye mtaalamu. Fundi akacheka kwa pua. "Mama, pasi unanyoosha shati, unazima. Hii ni siku ishirini na moja mfululizo. Waya utachemka uungue, mayai yapoe. Kitu kisichozimwa lazima niongeze robo ya umeme kinaokula, ndipo nichague waya." Akapiga hesabu kiganjani, akabadilisha waya na meni swichi. Mama akanuna wiki nzima. Siku ya ishirini fundi akaja bila kuitwa, akagusa swichi, akatega sikio kwenye mashine. Kifaranga kikalia ndani ya yai. "Karibu, mwanangu," akanong'ona. "Makubwa!" mama akasema. "Kumbe unajua maneno matamu?" Mnaomjua mtu mwenye mashine isiyozimwa, mtumieni hii.