Fundo Nililomfunga Mutheu

Leo nimemfunga mjukuu wangu fundo ambalo lingemuua.

Ngojeni niwaambie.

Mutheu anajifunza kupiga kasia kwenye maji makali ya Athi. Mto uleule uliomchukua mama yake, binti yangu. Mnaona kichwa ngumu hiyo?

Nikaenda kumwangalia. Amepiga magoti ndani ya mtumbwi wa plastiki, mikanda imepita juu ya mapaja.

"Susu, nisaidie kukaza," akaniambia mimi nyanya yake.

Nikakaza. Kisha ncha ya mkanda nikaipiga mafundo mawili, vile nilikuwa namfunga mgongoni na leso akiwa mtoto.

Akashtuka. "Susu, fungua hiyo! Mtumbwi ukipinduka navuta hapa mara moja, mkanda unaniachilia. Na hili fundo, nitabaki chini ya maji!"

"Na ukitupwa nje, nani atakushika? Wewe na ujuaji wako!"

Akacheka. Halafu akaniuliza kitu hajawahi kuniuliza.

"Siku ile, mama alikuwa amebeba nini?"

Gunia la ndengu, nikamwambia. Alikuwa anavuka akitoka sokoni. Kamba ilipita kifuani. Mama yako alijua kufunga mzigo, haukuwa unalegea hata kidogo.

Tukaangalia maji, sisi wawili.

Fundo langu nililifungua na meno, maana vidole vilikataa.

Sasa yuko mtoni. Mimi niko hapa juu ya jiwe, kila akizama nashika pumzi mpaka nione kichwa.

Wamama wenzangu, nyinyi mngefungua?